Monitrisi Alivyochagua Shario

Ukimsalimia Monitrisi asubuhi, hakuitikia. Alikuangalia kwanza mikononi kuona umebeba nini, halafu alikuuliza: "Nani amekutuma?" Hata kama hujatumwa na mtu. Hata kama umekuja kumwambia kuku wake ameingia kwako na anakula mahindi yako. Mkwe wangu alipojifungua mapacha nilimpelekea habari mwenyewe, mbio, nikiwa na kitambaa cha jikoni begani, naye alisimama mlangoni, akaniangalia kile kitambaa, akasema: "Nani amekutuma kuniambia?"

Nilikaa naye ukuta kwa ukuta pale Kapata, nje ya Kolwezi, katika zile nyumba za kampuni zilizojengwa zikigusana migongo. Akikohoa, nasikia. Nami nilikuwa nauza makayabu, wale samaki wa chumvi, na kila nilipowaloweka alisikia harufu akagonga ukuta kwa mpini wa fagio. Kwa hiyo ninayoyasema hapa, mengine niliyaona kwa macho na mengine yalipita ukutani. Na ukuta wa kampuni, tuseme ukweli, haukuwa mnene.

Jina lake nitaliacha. Wote tulimwita Monitrisi kwa ajili ya kazi yake: alifundisha wake wa wafanyakazi kule fwaye, nyumba ya kampuni ambapo wanawake tulijifunza kushona, kufuma sweta za watoto na kuchemsha maziwa ya unga bila kuyachoma. Mume wake alikuwa karani wa ofisi, na huyo naye tulimwita Karani. Karani alikuwa mtu wa Kasai. Monitrisi alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, Katanga hiihii yetu. Nalisema mapema kwa sababu bila hilo hamtaelewa kitu. Kampuni ilipoanza kuanguka, mishahara ikakatika, watu wakatafuta wa kumtupia lawama, na ikafika siku watu wa Kasai wakafukuzwa Kolwezi, mlango kwa mlango. Karani alitakiwa aondoke. Monitrisi aliweza kubaki. Na sisi wa Kapata tulibaki na swali moja miaka yote: yule mwanamke alimfanya nini mume wake?

Mi nilikuwa na jibu langu. Nitalisema, lakini ngoja kwanza niwaeleze tanuru.

Pale fwaye palikuwa na mama mmoja mzungu aliyefundisha wanawake kuyeyusha vioo. Alikuwa na tanuru ndogo ya umeme, yenye ukubwa wa kabati la kuwekea mikate, nje bati, ndani matofali meupe ya kuzuia moto, na nyaya za kujizungusha zinazowaka nyekundu. Wakati wa ule uporaji wa askari, kabla ya mambo ya kufukuzana, wazungu walipoondoka na mifuko ya mkononi tu, tanuru ikaonekana kwa Monitrisi, chini ya paa la uani. Wengine walisema ameiba. Yeye alisema amepewa.

"Nani aliona ukipewa?" wanawake walimuuliza kwenye bomba la maji.

"Aliyenipa aliona," akajibu, akainua ndoo yake, akaenda.

Nilivyoona mi, ile tanuru ilikuwa tumbo la nyumba yao. Mshahara wa Karani ulipokoma, walikula shanga. Monitrisi aliokota chupa za bia za kijani na za rangi ya kahawa, na vile vichupa vya bluu vya dawa ya tumbo, akavifunga katika nguo, akatwanga, akachekecha kama unga. Unga wa kioo aliutia katika vitundu vya udongo, katikati ya kila kitundu akasimamisha kijiti cha jani la muhogo. Motoni kijiti kinaungua, tundu la kupitisha uzi linabaki. Ushanga unatoka unang'aa kama jicho la samaki. Wakatoliki walinunua rozari. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu mwenye malori, watu wao walitoka mashariki zamani, alinunua tasbihi. Hata kutoka Musumba, kule mbali kwa Walunda, alikuja mzee mmoja kuagiza shanga nyekundu za sherehe, akakaa uani na kofia magotini, naye Monitrisi akamuuliza nani amemtuma. Mzee akasema: "Mufalme." Pale ndipo nilipomwona Monitrisi amekosa la kusema, mara moja hiyo tu.

Sasa, kioo kina tabia zake. Kikishaiva, unazima moto na unakiacha ndani ya tanuru mpaka kesho yake, mlango umefungwa, kipoe chenyewe. Ukifungua mapema, baridi inakipiga, kinapasuka kila mahali. Kwa hiyo tanuru ya Monitrisi ilikuwa imefungwa siku nyingi kuliko ilivyokuwa wazi, na yeye alikaa mbele yake juu ya kigoda akifuma, kama mlinzi wa benki. Watu wakaona. Mtu gani analinda sanduku lililofungwa kama ndani hamna kitu? Wakasema anayeyusha shaba ya kampuni. Wakasema amefungia ndani nywele za watu. Mi sikuamini ile ya nywele, lakini nakiri sikupenda kuacha kitana changu uani.

Monitrisi alifundisha usafi na kucha zake zilikuwa na unga wa kioo. Alikaa benchi la mbele misani, na sukari aliificha ndani ya cherehani. Ukiomba chumvi anakupa, lakini anakupa akiwa amesimama kati yako na kabati. Wanawake aliowafundisha kutengeneza shanga aliwaonyesha yote, chupa, kutwanga, kijiti, lakini ya kuacha ipoe hakuisema, na shanga zao zikawa zinapasuka, na akawaambia: "Haraka yenu." Nilimshika kwa hilo. Nikamwambia, "Mama, kwa nini hukuwafundisha mwisho?" Akanijibu, "Na wee, unawafundishaka kuloweka makayabu?" Nikarudi kwenye makayabu yangu.

Karani alikuwa kinyume chake, na ndiyo maana tulishangaa walivyopatana. Mrefu, shati jeupe lenye mikono iliyokunjwa sawasawa, miwani, na mdomo usiochoka. Aliongea na majirani, aliongea na kuku, alisoma gazeti kwa sauti akalijibu. Kiswahili chake kilikuwa na ule ulimi wa Kasai. Kabla hajamaliza salamu ulikwisha kujua ametoka wapi. Alimwita kila mwanamke "mamu", kama wanavyosema kwao. Na kazi ya mikono hakuijua. Baiskeli yake ikifika kwenye kilima alitafuta mtu wa kumsukumia, huku yeye anatembea pembeni akimsimulia hadithi. Kicheko chake kilipita ukutani kila jioni, na mume wangu alikuwa akisema, "Yule jamaa hatakufa, atamaliza maneno tu."

Basi, shario. Shario kwetu ni gari la kusukuma kwa mikono. Umeme ulikuwa umeanza kuwa wa kubahatisha: safu yetu ya nyumba ikizimika, safu ya kule ng'ambo inawaka, kesho kinyume chake. Monitrisi alikuwa akiomba wanaume wambebee tanuru mpaka kwenye nyumba yenye umeme, akimlipa mwenye nyumba kwa rozari. Wanaume wakaitikisa, matofali yakapata ufa, waya ukakatika. Akasema: nataka shario ya nguvu, nitaisukuma mwenyewe. Sababu nzuri. Hakuna aliyeipinga. Lakini mi nilimwona alivyoichagua, kwa sababu meza yangu ya makayabu ilikuwa mbele ya fundi wa kusudere, yule wa kuunga vyuma kwa moto, na mtu hachagui shario vile kama ni ya kuvuka barabara tu.

Kwanza walimletea pusupusu ya mbao, yenye magurudumu ya gari, ile ya wabeba mizigo wa soko.

"Hii iko nguvu, Mama Monitrisi," mwenye nayo akasema. "Inabebaka mifuko ya unga mpaka juu ku plafond."

"Na moto?"

"Moto gani?"

"Tanuru inatoaka moto chini. Unataka niunguze mbao yako na nyumba za batu?"

"Si unaweka bati katikati?"

"Nani amekutuma uniuzie kuni?"

Akaenda. Akaja mwingine na kitanda cha magurudumu, kimefunikwa shuka, alikuja akiangalia nyuma. Monitrisi akafunua shuka. "Ya hospitali?" "Ya ndugu yangu," akasema yule. "Ndugu yako iko mugonjwa?" Watu tukacheka. Lakini hakumfukuza kwanza. Alikisukuma pale uwanjani, na vile vigurudumu vidogo, vyote vinne vikijigeuza kila kimoja upande wake, vikaanza kutetemeka kama meno ya mwenye malaria, halafu kimoja kikazama mchangani. "Hii ilizoea sakafu," akasema. "Ku udongo inakufa." Burueti ya kujengea akaikataa bila kuigusa: gurudumu moja, ukipiga chafya mzigo uko chini. Mkokoteni wa mizigo wa stesheni ulikuwa mzuri, chuma kitupu, lakini haukupita mlangoni kwake, naye hakutaka kitu cha kulala nje.

Mwishowe akaagiza kwa fundi wa kusudere. Nilisikia yote. Fremu ya chuma cha pembe. Kitanda chini, si juu, ili mzigo usiyumbe. Juu ya kitanda matofali yamelala, ili moto wa tanuru usifike kwenye chuma. Magurudumu makubwa ya mpira yenye rulma, zile gololi za chuma za ndani, maana udongo wetu wa Kapata mvua ikinyesha ni uji. Ya mbele mawili yageuke, ya nyuma mawili yakae sawa. "Gurudumu bine bikigeuka byote," akamwambia fundi, "shario inakuwa mulevi." Na breki, chuma cha kukanyaga kwa mguu. Hayo yote nilikubaliana nayo, hata mi ningeagiza hivyo. Lakini ikafika kwenye mpini.

Fundi akapima mpini usawa wa tumbo la Monitrisi, na Monitrisi alikuwa mfupi, mfupi kama mi. Akasema: "Apana. Panda."

"Hapa?"

"Panda."

"Mama, hii sasa iko ku kifua yangu mi. Unataka kusukuma ao unataka kuning'inia?"

"Fanya vile nimesema."

"Utafikia na vidole tu!"

"Vidole ni yangu."

Fundi akaniangalia, nikamwangalia. Akaisudere pale juu. Monitrisi akaweka juu ya shario mifuko ya mchanga, na juu ya mifuko beseni la maji limejaa mpaka ukingoni, akamwambia fundi asukume kuzunguka uwanja, yeye akitembea kando ameinama, akiangalia maji. Yakamwagika kwenye shimo la pili. Akamrudishia fundi, akaze. Siku nyingine yakamwagika tena, kidogo. Akamrudishia. Fundi akaanza kumlaani kwa Kibemba. Lakini alikaza, na maji yakatulia.

Hapo nilishuku. Shario ya mpini wa juu, breki, magurudumu ya safari: huyu anaondoka. Na anaondoka na mwanamume mrefu ambaye si mume wake, kwa sababu mume wake hajui kusukuma hata baiskeli. Nilimfikiria yule mwenye malori. Naye alikuwa mrefu.

Na kitu kingine. Wakati ule, maneno ya kufukuza watu yalikuwa bado hayajatufikia Kapata waziwazi. Watu walinong'ona tu. Yeye alijuaje mapema?

Halafu ukuta ukaanza. Jioni, badala ya kicheko cha Karani, nasikia Monitrisi: "Nyamaza!" Karani anacheka. "Nyamaza, nimesema!" Karani anacheka kidogo. Baada ya wiki hacheki tena. Nasikia sufuria inaangushwa sakafuni kwa nguvu, paa! Kimya. Inaangushwa tena. Kimya. Nasikia kofi. Kimya. Mume wangu akaniambia niende kuuliza. Nikaenda na bakuli la mboga, nikagonga. Monitrisi akafungua kwa upana wa uso wake. Nyuma yake nilimwona Karani amekaa kwenye kiti, amenigeuzia ubavu, bila miwani, mdomo wazi, hakugeuka. Mtu ambaye angenisalimia mimi, bakuli na mboga, kila kimoja kwa jina lake. "Anaumwa?" nikauliza. "Amechoka," akasema Monitrisi, akachukua bakuli, akafunga. Nikarudi nikamwambia mume wangu: anamlisha kitu.

Siku ilipofika, ilikuwa asubuhi, na jua zuri. Vijana wa mtaa, wengine tuliwabeba mgongoni wakiwa wadogo, walipita na fimbo wakigonga milango ya watu wa Kasai: stesheni, stesheni, kila mtu na alichoweza kubeba. Nililia kwa ajili ya mama mmoja aliyenishonea gauni la harusi ya binti yangu. Alipita na cherehani kichwani. Penye kutokea Kapata walikuwa wameweka pipa na kamba. Mi nilikuwa pale na meza yangu, kwa sababu hata siku kama ile watu wanakula.

Akaja Monitrisi. Shario ile, tanuru juu yake imefunikwa blanketi, na nyuma ya mpini mwanamume ameinama, kichwa kimenyolewa, kaptula imepasuka, gunia la unga mabegani, mate yanamtoka. Monitrisi alitembea pembeni na fimbo.

"Mama Monitrisi, unaenda wapi?" kijana wa kamba akauliza.

"Ku umeme. Kwetu hakuna."

"Karani iko wapi?"

"Muulize treni."

Wakacheka wote. "Na huyu?"

"Bubu. Nilimuokota ku soko. Hasikii, hasemi, anakulaka tu."

Kijana mmoja akaenda nyuma ya yule bubu, akapiga makofi karibu na sikio lake. Bubu hakushtuka. Mwingine akatupa jiwe kwenye pipa, likalia. Bubu akatazama magurudumu. Monitrisi akainua fimbo akampiga nayo mgongoni, si kwa mchezo, nilisikia ngozi. "Sukuma, mujinga! Unaona batu wanangoja!" Wakataka kufungua tanuru waone ndani. "Fungueni," akasema, "iko ya moto tangu jana." Kijana akagusa bati, akarudisha mkono, akapuliza vidole. Wakashusha kamba.

Nilimtazama yule bubu magoti tu, kwa sababu alikuwa ameinama, na kwa sababu nilikuwa nimejaa hasira na Monitrisi. Nikasema moyoni: mume wake anabanwa stesheni na watu, naye anatafuta umeme, anapiga vilema. Hakunisalimia. Hakurudi. Kabla ya mwisho wa juma, mjomba wa yule kijana wa kamba akahamia nyumba ile, na akawa mtu wa kelele, nikaanza hata kuukumbuka mpini wa fagio ukutani.

Basi tukaongea miaka. Mmoja akasema alimwona Karani akipanda treni, analia. Mwingine akasema Karani hakufika hata stesheni, alikufa kwa sumu, na mwili... hapo watu wanataja tanuru, lakini tanuru ilikuwa ndogo, hata mguu haukuingia, mi nilikuwa nawaambia hivyo. Wengine wakasema Monitrisi yuko kwa mwenye malori. Mwenye malori akaapa hajamwona, akasema hata tasbihi yake imekatika na hajui wa kumtengenezea. Mi nilibaki na langu: alimuuza. Aliwaambia vijana mapema, wakampa njia ya kupita na mali yake. La sivyo, alijuaje mapema?

Mume wangu alikufa, watoto wakatawanyika. Binti yangu wa mwisho alikwenda Fungurume, ule mji ulioota kando ya mgodi, akawa anapikia madereva wa malori. Nikaenda kumtembelea nikiwa nimeshakuwa hivi mnavyoniona, magoti yamekataa kazi. Siku moja nikashuka naye sokoni. Soko la Fungurume liko kwenye mteremko, malori juu, akina mama chini. Na pale juu, kwenye kivuli cha ukuta wa mashine ya kusaga, nikaona shario na tanuru juu yake. Ilikuwa na kutu, gurudumu moja limebadilishwa. Lakini mpini ule, juu kama kamba ya kuanikia nguo, ningeujua hata gizani.

Kando yake amekaa Monitrisi, amekauka kama makayabu yangu, shanga zimetandazwa miguuni. Nikamsogelea. Akaniangalia mikono.

"Ni mi," nikasema. "Jirani."

"Naona. Harufu ingekuja kwanza, lakini uliacha biashara."

Nikakaa juu ya tofali, tukatazamana kama paka. Nyuma yake mzee mrefu, kichwa cheupe, alikuwa anapanga shanga kwenye uzi. Alikuwa amekunja mikono ya shati, mikunjo myembamba, sawasawa kama karatasi za ofisi. Nikaangalia ile mikunjo. Nikaangalia uso.

"Tata Karani?"

Mzee hakuinua kichwa.

"Huyu ni bubu," Monitrisi akasema haraka. "Hasikii."

"Mama, mi nilikaa ukuta kwa ukuta naye."

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Halafu akaniambia, kwa sauti ndogo, huku anachagua shanga kama anayeniuzia. Kwamba ulimi wa Karani ungewaua. Kwamba kwao Kasai hakukuwa na mtu tena, na safari ile ya treni watu walikuwa wanafia njiani, naye Karani hakuwa na kifua kizuri. Kwamba aliwaza: nani hatazamwi? Msukuma shario. Nani haulizwi kitu? Bubu. Basi akamfundisha, jioni kwa jioni, sufuria na kofi, mpaka alipoacha kushtuka. Walitembea mpaka Fungurume kwa siku nyingi, kwa dada yake aliyeolewa huku, na tanuru wakaiunga kwenye umeme wa mashine ya kusaga, jioni mashine ikilala.

"Ulijuaje mapema?" nikamuuliza. Hilo ndilo lililokuwa limenikaa kooni.

"Ku fwaye. Banawake ba Kasai, mabenchi yao ilianza kubaki wazi pembeni. Hakuna mutu alisema kitu. Bengine walikuja tu, wakakaa mbali nao, wiki kwa wiki. Wee ulikuwa unakaa mbali pia."

Sikumbuki. Labda. Nilikuwa nakaa karibu na dirisha kwa ajili ya hewa.

"Na mi nilisema ulimuuza," nikamwambia.

"Ningekuwa wewe, ningesema vilevile," akajibu, na nadhani ndilo neno zuri kuliko yote aliyopata kuniambia.

Nikamwambia sasa imekwisha, basi. Kwenye mgodi huu huu kuna watu wa Kasai tele, wanapita na helmeti zao wakisalimiana kwa lugha yao, hakuna anayegeuza shingo. Akasema anajua. Alimwambia zamani: imeisha, sema.

"Akasema nini?"

"Atasema nini? Bubu."

"Nyumbani je?"

"Nyumbani vilevile. Mwanzo alikuwa anasemaka ndani, kidogo, chini ya blanketi. Halafu akaacha." Akafunga fundo, akalifungua tena. "Sijui kama ni woga. Labda ni hasira. Ile fimbo nilimpiga kweli. Ilibidi iwe kweli, walikuwa wanaangalia. Mi namuangalia anakula, najiuliza: huyu hawezi, ao hataki? Naamka namuangalia. Anataka nife bila kumusikia?"

Nikamtazama mzee. Alikuwa anapitisha uzi, kimya, midomo imebanwa. Na mi, niwaambie wazi, sikujua pia.

Jua likaja juu, nikasema ninakwenda, binti yangu ananingoja. Magoti haya kuamka ni kazi. Nikashika mpini wa shario nijivute. Breki ya kukanyaga ilikuwa imechakaa, au sikuona kama imekanyagwa; shario ikatoka mkononi mwangu. Ikaanza kushuka, tanuru juu yake, mteremko wote ule, magurudumu yake mazuri yale yakikimbia bila kelele. Chini amekaa mama wa unga, ametugeuzia mgongo, anapima bakuli kwa mteja.

"Mamu!" sauti ikalia nyuma yangu, kavu kama mlango wa zamani. "Mamu! Mamu, toka! Toka pale!"

Yule mama akaruka na bakuli lake. Shario ikapiga mfuko wa unga, wingu jeupe likapanda, ikasimama. Tanuru haikuanguka.

Mzee alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Anaangalia soko lote, kushoto, kulia, anangoja. Dereva mmoja juu ya lori akainama dirishani: "Tata, breki yako imekufa!" Akarudi kwenye simu yake. Mtu mmoja akacheka kwa ajili ya unga. Hakuna mwingine aliyegeuka.

Lakini mama wa unga alikuwa anapanda mteremko, mweupe toka kichwani.

"Wee mzee! Macho yako iko wapi? Unataka kuniua na ile jiko yako?"

"Pole, mamu," Karani akasema. "Pole sana."

"Pole inarudisha unga?"

"Unga... unga hairudi, mamu, lakini angalia, mfuko umepasuka juu tu, chini iko muzima, na tena, kama ulikuwa umekaa pembeni vile mutu anakaaka ku mteremko..."

"Sasa ni mi niko na kosa?!"

"Mi sikusema kosa, mamu, nimesema mteremko..."

Na akaendelea. Alieleza mteremko, alieleza breki, alieleza unga wa zamani ulivyokuwa na mifuko ya nguvu kuliko hii ya siku hizi. Monitrisi hakusogea. Shanga zilikuwa zimemwagika katika nguo yake. Alinigeukia, macho membamba yaleyale.

"Uliachilia makusudi."

"Mi? Mama, nimezeeka, mikono yangu..."

"Ulikanyaga breki ukaifungua. Nilikuona."

Nikafungua mdomo nijitetee, akanipiga kiwiko cha mbavu. Pale kando mama wa unga alikuwa anapandisha sauti na Karani anaipandisha yake. Nikajaribu tena kusema, akanipiga tena, na akajisogeza mbele juu ya kile kigoda, asikie vizuri.